Kompyuta imekua bubu ikiwaka na ikizimwa? Angalia haya kabla hujaita fundi

Baba yangu mdogo anakaa Ujiji, ni mwalimu mstaafu, macho yana mtoto wa jicho na skrini anaiona kwa tabu, ila kompyuta yake ya mezani haachi, anaandikia hesabu za kikoba chao. Miaka yote alikua na Windows XP. Anabonyeza kitufe, anakaa zake kwenye kiti anasubiri ule mlio, akiusikia anajua mashine imeamka ndo anavuta kibodi. Jioni akizima anasikia ule wa kuaga, anainuka anaenda kuzima soketi ukutani. Sasa mwaka jana mashine ikapelekwa mjini kupigiwa Windows mpya, ikarudi bubu. Akaambiwa spika zimekufa, akanunua zingine. Bado kimya. Akaambiwa basi ni saundi kadi, atafute hela nyingine, hapo ndo akanipigia simu nikashuka kutoka Mwanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, afu akasema hii mashine siku hizi inaondoka bila kuaga.

Hakukua na kitu kimeharibika pale. Hata kimoja. Na nimeshakutana na hii ishu kwa watu wengine kama wanne hapa Kigoma, wote wameshatoa hela kabla hawajajua wanatafuta nini, ndo mana naandika vitu vya kuangalia kabla hujabeba mashine kwenda kwa mtu.

Cha kwanza kabisa jua ni mlio gani umepotea, mana kuna miwili na watu wanaichanganya. Kuna ule wa "tiiti" fupi unaotoka ndani ya boksi lenyewe sekunde ile ile unapowasha, huo ni wa mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, inajikagua ram na vinginevyo, hauna uhusiano na Windows wala na spika zako za mezani, na mashine nyingi za siku hizi hazina hata kale kaspika kadogo ka ndani kwahiyo usiposikia sio ugonjwa. Ila zikilia tiiti nyingi mfululizo na skrini haiwaki hiyo ni habari nyingine kabisa, hapo fundi muite. Ule wa pili ni muziki mfupi wa Windows unaokuja baadae kwenye spika, na huo ndo tunaouzungumzia.

Afu jua una Windows ipi. Shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter, itakwambia. Hapa ndo penye jibu la watu wengi kwahiyo usiparuke. XP ya 2001 na Windows 7 ya 2009 zilikua na milio yote, ya kuwaka na ya kuzima. Ilipokuja Windows 8 mwaka 2012 wenyewe waliotengeneza wakaamua kuzima ule wa kuwaka, na ule wa kuzima na wa kutoka kwenye akaunti wakauondoa kabisa kwenye orodha, sababu walitaka mashine izime haraka na mlio unachelewesha, yani mfumo mzima unabidi usimame kusubiri wimbo uishe. Windows 10 ya 2015 ikaendelea hivyo hivyo. Windows 11 ya 2021 imerudisha mlio wa kuwaka, unaukuta umeshawashwa, ila wa kuzima haujarudi mpaka leo. Kwahiyo kama umetoka XP au 7 ukaenda 10, ukimya unaousikia ndo ulivyotengenezwa. Hakuna spika ya kununua hapo, hakuna kadi ya kubadilisha, na mtu anayekuuzia moja ya hivyo bila kukuuliza una Windows gani usimpe hela yako.

Baba mdogo alivyosikia hivyo akasema basi nirudishie XP. Nilimkatalia kwa heshima. XP iliacha kupewa masasisho ya usalama Aprili 2014, na mzee anapokea mafaili kwenye fleshi za wanakikoba wenzake ambazo zimezunguka kila mahali, sio sawa kuiacha mashine wazi kwasababu ya mlio wa sekunde chache. Njia ipo nyingine, nitaieleza chini.

Kabla hujaingia kwenye setingi piga wimbo wowote. Kama wimbo unasikika, basi spika, waya, draiva (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) na saundi kadi vyote vizima, tatizo liko kwenye setingi tu na nusu ya woga wako imeisha. Kama wimbo nao hausikiki, sasa hapo anza na vya mkononi: spika za nje zina umeme wake, je zimewashwa, sauti imepandishwa, na ile pini imeingia kwenye tundu la kijani nyuma ya boksi na sio la pinki ambalo ni la maiki. Afu bonyeza kale kaalama ka spika pembeni ya saa uone sauti inaelekezwa wapi, mana ukiunganisha skrini kwa waya wa HDMI mara nyingi Windows inajipeleka huko kwenye skrini, na skrini yenyewe haina spika, unabaki unazungusha kitufe cha sauti bure. Wenye spika za Bluetooth nao wajue kwamba mlio wa kuwaka unapita mapema sana, spika inakua haijaunganika bado, kwahiyo hautausikia hata setingi ziwe sawa namna gani. Tumia yenye waya.

Wimbo unalia? Twende. Kitufe cha Windows na R tena, andika mmsys.cpl, itafunguka dirisha dogo, nenda sehemu iliyoandikwa Sounds. Juu pale kuna mpangilio wa milio, ukikuta No Sounds ujue kuna mtu alinyamazisha kila kitu, rudisha Windows Default. Chini kuna kiboksi Play Windows Startup sound, kitie tiki, bonyeza OK. Baba mdogo kiboksi chake kilikua hakina tiki, ndo yale niliyosema, kwenye 10 unakikuta hivyo.

Ila usishangilie bado, mana ukizima na kuwasha inawezekana usisikie kitu na ukadhani umekosea. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui au hawana muda wa kulieleza. Windows za kuanzia 8 ukibonyeza kuzima kawaida hazizimi kabisa, zinachukua hali ya kiini cha mfumo zinaihifadhi kwenye diski, kesho ukiwasha zinaisoma pale zilipoishia ili ziwahi, kwenye setingi inaitwa Fast startup. Sasa kwasababu haijaanza upya kikweli, mlio wa kuwaka mara nyingi unarukwa. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kugusa chochote: bonyeza Restart badala ya kuzima, mana Restart inaanza upya kweli kweli. Ukisikia mlio baada ya Restart lakini asubuhi ukiwasha husikii, umeshampata mchawi. Nenda Control Panel, Power Options, upande wa kushoto Choose what the power buttons do, bonyeza mstari wa juu unaoruhusu kubadilisha, afu toa tiki kwenye Turn on fast startup. Mashine yenye haadi diski ya zamani itachelewa kidogo kuwaka, lazima nikwambie ukweli, ila kwa mzee anayesubiri mlio kwenye kiti hizo sekunde si kitu.

Jambo lingine linalonikera ni hizi Windows zilizopunguzwa ambazo watu wanapigiwa kwa fleshi za mtaani, eti nyepesi. Waliozipunguza huwa wanatoa vitu na milio inaweza kuwa imo humo. Fungua C, Windows, Media, uone kama kuna mafaili ya wav, ndo mafaili ya milio yenyewe. Folda likiwa tupu hata utie tiki mia hakuna kitakacholia, na mimi ningejiuliza kingine kilichotolewa humo ni kipi.

Draiva iguse tu kama hakuna sauti yoyote inayotoka, wimbo wala video. Na kabla hujaitoa hakikisha una draiva nyingine kwenye fleshi, iliyotoka kwa mtengenezaji wa mashine yako kwa modeli yake, sio zile programu zinazokwambia una draiva 17 zimezeeka. Kutoa draiva wakati bando limeisha ni kujitafutia usiku mrefu. Afu kitufe cha Windows na R tena, andika services.msc uangalie Windows Audio iwe Automatic na iwe inafanya kazi, ni dakika moja tu.

Sasa kuna ujanja unazunguka wa kuingia kwenye rejistri, pale Windows inapohifadhi setingi zake za ndani, unatafuta AppEvents, EventLabels, afu kwenye SystemExit na WindowsLogoff unabadilisha ExcludeFromCPL kutoka 1 kuwa 0. Ni kweli majina ya milio ya kuzima yatarudi kwenye orodha, unaweza hata kuyachagulia faili na kuyajaribu. Ila ukizima mashine, kimya, sababu kilichoondolewa ni kazi yenyewe ya kuupiga mlio, jina lilikua limefichwa tu juu yake. Nimekaa nao jioni nzima huo ujanja, ndo mana nakuomba usiende huko. Na kama lazima uende, basi kabla ya yote tengeneza restore point (ya kuirudisha Windows ilivyokua), nakili ule ukurasa wa rejistri kwa Export, na uwe na UPS (betri ya akiba) au laptop yenye chaji, mana umeme ukikata katikati ya kazi hizi mashine inaweza isiwake tena.

Na kuhusu umeme hapo hapo. Baba mdogo alikua anazima soketi ukutani akisikia tu mlio wa kuaga, na watu wengi wa enzi ya XP wana tabia hii. Mlio ule haukuwahi kumaanisha mashine imemaliza. Unapigwa mwanzoni mwa kuzima, baada yake Windows bado inafunga programu na kuandika mafaili kwenye diski, ukikata umeme hapo ndo unaharibu hesabu za watu. Alama ya kumaliza ni feni kunyamaza na taa ya mbele kuzima. Nilimshika mkono nikauweka juu ya boksi akasikia ule mtetemo wa feni unavyokufa, akasema kumbe.

Njia niliyomfanyia ni hii, na inafanya kazi kwenye 10 na 11. Klik kulia juu ya desktop, New, Shortcut, afu kwenye nafasi andika hivi kwenye mstari mmoja:

powershell -WindowStyle Hidden -Command "(New-Object Media.SoundPlayer 'C:\Windows\Media\tada.wav').PlaySync(); shutdown /s /t 0"

Ukiibonyeza inapiga mlio mpaka uishe, ndo inazima. Uzuri wake mwingine ni kwamba amri hiyo inazima kabisa, haiachi ile hali iliyohifadhiwa kwenye diski, kwahiyo hata kama hujagusa Fast startup mlio wa kuwaka utausikia kesho yake ilimradi ulitia tiki. Hifadhi kazi yako kabla ya kubonyeza. Na mlio unaweza kuwa wowote ila lazima faili liwe la wav, rekodi za simu nyingi haziwi wav, zigeuze kwanza, ukiweka mp3 haitalia.

Kitu cha mwisho nilichoongeza, mlio wa Windows wa kuwaka unakuja kwenye ile skrini ya kuingilia, kabla ya neno la siri, kwahiyo anayesikiliza tu anaweza kuanza kuandika mapema. Nikafungua folda la shell:startup kwa kitufe cha Windows na R, kilichomo humo kinajifungua chenyewe ukishaingia, nikaweka shortcut kama ile ila bila sehemu ya shutdown, na faili tofauti la mlio. Sasa anasikia miwili, wa kwanza anaandika neno la siri, wa pili anafungua hesabu. Wa kuzima mjukuu wake alimrekodia kwa sauti yake mwenyewe, "babu subiri feni", tukaigeuza kuwa wav. Spika ni zile zile za zamani, zile mpya kazirudisha dukani ila hela hawakumpa, wamempa kibodi.