Nairobi hadi New York: mambo ya kuzingatia kabla ya safari ya saa 15

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi John F. Kennedy ni kama kilomita 11,800 angani. Ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 28, 2018 kwa Boeing 787, huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ni uleule. Tofauti inaletwa na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi: ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya saa. Tiketi huandika saa za mahali, kuondoka kwa saa za Nairobi na kufika kwa saa za New York. New York iko nyuma kwa saa 8, lakini kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba iko nyuma kwa saa 7. Ukiondoka Jumatatu 23:30 mwezi Januari, saa 15 baadaye Nairobi itakuwa Jumanne 14:30, na wewe utashuka 06:30, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumanne hiyohiyo. Mwenyeji wako mpe saa ya huko.

Hasa soma vizuri ndege za baada ya usiku wa manane, maana hapa ndipo nauli za watu hupotelea. Tiketi ya Jumamosi 00:40 inakutaka uwanjani Ijumaa saa tatu na nusu usiku. Ukienda Jumamosi jioni, ndege iliondoka zamani. Na tarehe zilizoandikwa Kimarekani huanza na mwezi: 03/04 ni Machi 4.

Ukiunganisha ndege Addis Ababa, Doha au Amsterdam, safari huvuka saa 20 kwa urahisi. Nunua tiketi moja kwa safari nzima. Kwa tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakusubiri, wala huna cha kuidai. Ujue pia kwamba Marekani hakuna kupita tu: hata anayeelekea Jamaika kupitia New York anahitaji viza ya Marekani, anapanga foleni ya uhamiaji, anachukua begi lake na kulikabidhi upya. Acha angalau saa tatu kabla ya ndege inayofuata.

Dawa zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Anayechoma insulini aulize mapema jinsi ya kupanga dozi, kwa kuwa siku yake itarefuka kwa saa 7 au 8. Pawabenki nayo ibaki mkononi, kwani betri yake ikishika moto kwenye mizigo hakuna wa kuiona. Nyama na matunda acha nyumbani.

Ndani ya ndege, inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili. Kukaa muda mrefu huweza kugandisha damu miguuni, kwa hiyo mjamzito au aliyetoka kufanyiwa upasuaji amwone daktari kabla ya kukata tiketi.