Jinsi ya kushtuka mapema kamera ya Hubble inapoanza kuchoka

Wadau, hii ni ya yeyote mwenye laptop, Python kidogo na bando la kutosha, maana data za kalibresheni (za kupima kamera yenyewe) za darubini ya angani Hubble ziko bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya MAST. Tutatumia kamera ya WFC3 upande wa UVIS (unaoona urujuanimno na mwanga wa kawaida), wanaanga waliifunga kule juu Mei 2009 na bado inapiga kazi.

Hatua ya 1: Nyota isiyobadilika. Usijitungie, chukua GRW+70D5824, nyota kibete nyeupe ambayo wataalamu wa Hubble wenyewe wanaipiga picha miaka yote kwa kazi hii hii. Filta mbili: F275W ya urujuanimno na F606W ya mwanga wa kawaida.

Hatua ya 2: Pakua faili za flc, sio flt. Mionzi ya angani inaharibu silikoni ya kamera taratibu, elektroni (ndizo alama ya mwanga ulioingia) zinanasa njiani zikipelekwa kusomwa, na flc zimesharekebishiwa hilo, flt bado. Hata hivyo chagua picha ambazo nyota imekaa kona ile ile ya chipu.

Hatua ya 3: Pima elektroni kwa sekunde. Chora duara la nusu kipenyo cha pikseli 10 kwa photutils (maktaba ya Python), toa mwanga wa nyuma, gawa kwa EXPTIME (muda wa picha). Hapa ndo wengi wanaliwa: usizidishe na PHOTFLAM (namba ya kugeuza elektroni kuwa kiasi halisi cha mwanga)! Siku hizi namba hiyo inabadilika kufuata tarehe ya picha, yani kuchoka kwa kamera kumeshafidiwa humo ndani, ukiitumia mstari unanyooka utadhani kamera imetoka dukani jana.

Hatua ya 4: Gawa kila kipimo kwa wastani wa mwaka wa kwanza, chora kwa tarehe. Unachotafuta ni kidogo mno, kama 0.1 hadi 0.2% kwa mwaka, na picha moja inaweza kuyumba kuliko hapo, so usipige kelele kwa nukta moja, angalia mteremko wa miaka.

Hatua ya 5: Linganisha filta. Urujuanimno ukishuka haraka zaidi, shuku utando wa uchafu kwenye njia ya mwanga. Zikishuka sawasawa, tafuta kwingine. Msidharau utando, darubini ya Euclid ilianza kupoteza mwanga Novemba 2023 kwa sababu ya barafu nyembamba tu, Machi 2024 wakapasha kioo kimoja toka nyuzi -147 hadi -113 za Selsiasi na mwanga ukaongezeka 15%.

Hatua ya 6: Picha za giza, zile za shata imefungwa. Hesabu pikseli zinazozidi elektroni 54 kwa saa. Zinaongezeka kila siku, halafu kila mwezi kigunduzi kinapashwa toka -83 hadi +20 zinapungua ila sio zote, kwa hiyo grafu ina meno kama msumeno. Vilele achana navyo, fuatilia idadi inayobaki baada ya kila kupasha.

Hatua ya 7: Weka namba zote kwenye CSV pamoja na CAL_VER (toleo la programu ya kalibresheni) toka kwenye heda, yani maelezo ya mwanzo ya faili. Wakitoa toleo jipya pakua zote upya, usichanganye za zamani na mpya kwenye grafu moja.