Somo: Kurekebisha shoki za nyuma za pikipiki zimfae mwendeshaji

Ninaliandika somo hili mara moja ili nipumzike, maana hapa Kisauni, Mombasa, haipiti siku bila mtu kusimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu na kuniambia, "Fundi, nikazie shoki ziwe ngumu." Dhana hiyo ndiyo inayoharibu kazi. Kukaza pete ya chini ya springi hakuifanyi springi kuwa ngumu, kwa sababu ugumu wake umo katika unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko. Unachokifanya ni kuinua sehemu ya nyuma, ili pikipiki ianze safari ikiwa juu zaidi na ibakiwe na nafasi ya kubonyea inapokutana na tuta.

Kwanza, pima upepo wa tairi zote mbili.

Pili, osha shoki, zikaushe, kisha pitisha kidole kwenye fimbo zake. Kikitoka na mafuta, simama hapo, maana shoki hiyo imekwisha.

Tatu, isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa linaning'inia. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoitia kwenye fremu, juu yake wima. Tuseme umepata milimita 412.

Nne, ishushe, kisha panda ukiwa na mavazi na mzigo wako wa kila siku, miguu juu ya vikanyagio na mwenzako akiishika kwa mbele. Asaidiwe na mtu wa pili, ambaye ataibonyeza nyuma na kuiachia polepole, apime. Kisha aiinue kidogo, aiachie polepole, apime tena. Vipimo hivyo havitalingana kwa sababu ya msuguano, kwa hiyo chukua wastani: ukipata 380 na 386, wastani ni 383, na umeshuka milimita 29. Shabaha ni takriban theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma (umbali linaoweza kupanda na kushuka), yaani kama milimita 30 kwa gurudumu lenye mwendo wa 90. Pima pia pikipiki ikiwa tupu. Ishuke kidogo, kama milimita 5 hadi 10.

Tano ni kuizungusha pete mpaka uifikie shabaha hiyo, na hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na safari ya Mtwapa na abiria mzito, spana ya ndoana, ile inayoshika meno ya pete, nilikuwa nimemwazimisha mtu, nikaona patasi na nyundo vitatosha. Pigo la tatu liliteleza, likameguka jino la pete, na kiganja changu kikachanika hadi leo kina kovu. Ubaya zaidi ni kwamba kwa haraka nilihesabu ngazi, yaani vidato vya kukazia pete, kwa macho, ilhali upande wa kushoto ulikuwa umejaa matope, hivyo nikaondoka kulia ikiwa ngazi ya nne na kushoto ya pili. Kila kona nilihisi nyuma ikinikwepa, nami nikailaumu tairi wiki nzima. Kwa hiyo tumia spana ya ndoana iliyotengenezwa kwa pete hiyo, irudishe kila pete mpaka ngazi ya chini kabisa, ndipo uhesabu mlio mmoja mmoja ukipanda, na pande zote mbili zilingane. Pete ikigoma kwa kutu, itie mafuta ya kulegeza kutu na uiache usiku kucha. Usiigonge.

Sita, kagua ulegevu wa cheni na mwelekeo wa taa, kwa kuwa vyote hubadilika nyuma inapopanda.

MASWALI

Kutoka Likoni: Mimi ni kilo 80. Niambie tu ni ngazi ya ngapi.

Jibu: Sijui, na wewe hutajua mpaka upime. Kilo 80 juu ya springi mpya na kilo 80 juu ya springi iliyochoka hazishuki sawa. Rudi hatua ya tatu.

Kutoka Changamwe: Nimefuata yote na nimekaza mpaka mwisho, lakini baada ya kila tuta inanesanesa kama mashua. Somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Hukufuata yote, bwana. Hatua ya pili ilikutaka upitishe kidole kwenye fimbo. Mafuta yaliyo ndani ndiyo yanayoizuia springi isirudi kwa pupa, na hakuna ngazi inayoziba uvujaji. Nunua shoki mpya, zote mbili kwa pamoja.

Kutoka Nyali: Shikamoo fundi. Mimi ni dada wa kilo 52, ninapeleka vyakula. Kwenye ngazi ya kwanza pikipiki tupu inashuka milimita 8, nami nikipanda inafika 17 tu. Nimekosea kupima?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hukukosea, umepima vizuri kuliko wengi. Pikipiki hizi hutengenezewa mizigo, na uzito wako umeongeza milimita 9 tu, kwa hiyo springi ni ngumu kwako na ngazi haitaibadilisha. Pima tena sanduku la chakula likiwa limejaa, kwa kuwa mzigo unaokaa nyuma ya ekseli hubonyeza kuliko unavyodhani. Ikibaki juu, tafuta springi laini zaidi za urefu uleule. Usikubali fundi akukatie mizunguko ya springi ili ishuke: itashuka kweli, lakini iliyobaki huwa ngumu zaidi, kwa sababu waya uliobaki wa kujikunja ni mfupi.

Kutoka Mtwapa: Pete zangu hushika kutu kila baada ya miezi michache. Ni mvua?

Jibu: Ni chumvi ya upepo wa bahari. Zioshe kwa maji matamu, kisha paka grisi kwenye ngazi za pete pekee. Ukiipaka kwenye fimbo itanasa mchanga, na mchanga utaikwaruza sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje.

Kutoka Bamburi: Naongeza, fundi. Mimi nilikata kipande cha tyubu kuukuu ya lori, nikakifunga kama pazia kati ya tairi na shoki. Matope yamepungua sana.

Jibu: Ahsante, nitalijaribu hilo. Hakikisha tu halifikii cheni.