Unasafiri nje na sigara? Soma hii kabla hujafunga begi

Binamu yangu alitoka hapa Kisumu akaenda kupanda ndege Nairobi, safari ya Perth kusoma, na pale eapoti akanunua katoni moja ya sigara kwa duka la dyuti frii, pakiti kumi, akajua mambo iko sawa juu si imeandikwa haina ushuru. Kufika Australia akaambiwa zinazoingia bure ni sigara 25 pamoja na pakiti moja iliyofunguliwa, na ukizidisha unalipia zote, hata hizo 25. Ushuru wao unapita dola moja ya kwao kwa kila sigara, sasa piga hesabu ya sigara 200. Akaziacha hapo hapo. Kilichomsaidia ni kwamba kwa fomu alikuwa ameandika ukweli, angeficha ingekuwa kesi ingine kabisa na ndio kwanza anaingia nchi ya watu.

Kwa hivyo shika hii: dyuti frii inamaanisha huku unakotoka hujatozwa, kule unakoshuka wana kipimo chao. Uingereza ni sigara 200, Marekani pia 200, hiyo ni katoni moja. India 100. New Zealand 50. Hong Kong ni 19, yaani pakiti ya 20 ikiwa nzima tayari umezidisha. Singapore hakuna hata moja ya bure, unapita njia nyekundu, unasema unazo, unalipa. Hizi namba hubadilishwa, so wiki ile unasafiri ingia tovuti ya forodha ya hiyo nchi ujisomee mwenyewe, usiulize tu jamaa aliyeenda miaka mitano iliyopita. Na kama unaunganisha ndege Marekani, ujue begi unalichukua na kukaguliwa mji wa kwanza unaotua, si ule wa mwisho.

Ukirudi nyumbani sheria ya Afrika Mashariki ni gramu 250 kwa jumla, sigara na tumbaku na ugoro zote kwa mzani mmoja, na uwe umefika miaka 18. Katoni moja inapita, mbili hapana.

Sasa vepu, zile sigara za kielektroniki za betri, hapa ndipo vijana wetu wanaumia. Singapore ukipatikana nayo tu ni kosa, Thailand na Qatar pia wamezipiga marufuku, India sheria ya 2019 inakataza kuziingiza. Na usifikirie ni mbali, hapa tu Busia ukivuka, sheria ya Uganda ya 2015 imekataza kuingiza vepu na shisha, hairuhusu kuuzia sigara mtu hajafika miaka 21, na hairuhusu kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Kwa hivyo basi ya Kampala ikisimama usishuke tu ukawasha hapo mlangoni vile umezoea, uliza kwanza wenyeji wanavutia wapi.

Kwa ndege, vepu inakaa kwa begi la mkononi, si lile linaenda chini, juu ya betri ya lithiamu inaweza kushika moto mahali hakuna mtu wa kuuzima, na usiichaji huko juu. Laita ni moja, kwa mfuko wa nguo. China hata hiyo moja wanaichukua.

Na choo cha ndege tafadhali usijaribu. Julai 1973 ndege ya Varig ilijaa moshi ikikaribia Paris, moto ulianzia choo cha nyuma, watu 123 wakafa, na kilichoshukiwa ni sigara iliyotupwa kwa pipa la karatasi. Ndio maana mpaka leo utaona kisahani cha majivu kwa mlango wa choo, si ruhusa, ni ili yule atakayevunja sheria asiitupe kwa karatasi. Kama safari ni masaa mengi, nunua bigijii za nikotini kwa famasi kabla hujatoka, zinasaidia kweli.

La mwisho, mtu akikuomba kwa foleni umbebee katoni yake mpaka nje, kataa kwa heshima hata akiwa mzee wa kijiji chenu. Ikiwa mkononi mwako ni yako, na afisa wa forodha atakayeandika jina lako hatamuuliza yeye.