Kufunga pingu ya kamba ya mkono haraka bila kuumizana

Kwenye mchezo wa wapenzi wa kufungana kwa hiari, kabla hujagusa kamba ongeeni kwanza, nani anafungwa, kwa muda gani, kipi hataki kabisa, na neno la kusimamisha liwe lipi. Wengi wanatumia rangi za taa za barabarani, kijani endelea, njano punguza, nyekundu acha na fungua sasa hivi. Mmoja akiwa amelewa ahirisheni tu.

Kamba iwe laini, ya pamba inatosha, unene kama milimita 6, maana kamba nyembamba inakata ngozi. Mkono mmoja mita 3 au 4 zinatosha. Mkasi wenye ncha butu uwe karibu, sio chumba kingine.

Kunja kamba katikati upate kitanzi upande huu na mikia miwili upande ule. Shika kitanzi, zungusha mkono mara mbili au tatu, juu kidogo ya kifundo, sio pale pale kwenye mkunjo, na nyuzi zilale bapa zisipandane. Wacha nafasi vidole viwili vipite. Sasa kitanzi kipite juu ya mikia, halafu kiingize chini ya mizunguko YOTE, yaani kati ya kamba na ngozi, kitokee upande wa pili. Hapa ndo penyewe, ukiruka mzunguko hata mmoja pingu itajikaza ikivutwa. Malizia kwa kufunga kitanzi na mikia fundo moja la kawaida. Likilala bapa sambamba na mizunguko uko sawa, likikaa mshazari umelifunga kinyume, lifungue ulirudie upande mwingine.

Vuta mikia kwa nguvu kabla hamjaendelea, nafasi ya vidole ikipungua anza upya. Na usije ukatumia kitanzi cha kujikaza, kile cha kutegea ndege, eti kwa sababu ni cha haraka.

Fundo likae upande wa nje wa mkono, sio ndani kwenye mapigo na mishipa. Watu wanaogopa damu kukwama tu, ila neva ndo zinaumia kimyakimya, hasa ile inayopita upande wa kidole gumba, na zinaweza kuumia hata vidole vikiwa na joto na rangi yake. Kwa hiyo kila dakika chache mwambie akubane kidole chako, anyanyue gumba, akunje kiganja kwenda nyuma. Akisikia ganzi, kama sisimizi wanatambaa, au kama shoti inapita, fungua, usibembeleze kamba. Ikigoma kata. Mkono ukiendelea kuwa dhaifu au na ganzi baada ya kufunguliwa muone daktari, na mwambieni ukweli ulivyobanwa.

Asining'inizwe kwa mikono wala kuachwa peke yake akiwa amefungwa, hata ukienda kuchukua maji tu, na kamba shingoni hapana. Kama mdomo umezibwa mpe kitu ashike, akikiangusha maana yake ni nyekundu.