Usikimbilie kujaza gesi, kagua AC kwanza

Jamani joto hili la Dar, umekwama foleni ya Ubungo na AC inapuliza hewa ya moto, ni mateso kweli, ila gesi ya AC haiishi kama petroli, ikipungua sana ujue kuna mahali inavuja.

Washa gari, weka AC mpaka mwisho, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, funga vioo, subiri dakika kama 5. Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, ikisoma nyuzi 4 mpaka 10 iko poa, gari likisimama juani inaweza kupanda kidogo.

Fungua boneti. Klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) ikishika utasikia "tak", na feni ya mbele lazima izunguke. Bomba nene la AC linatakiwa liwe baridi, linatoka jasho kama chupa ya soda, jembamba liguse taratibu maana linaweza kukuunguza. Angalia maungio vizuri sana, ukikuta oili imeshikana na vumbi hapo ndo panavuja, paka povu la sabuni uone mapovu.

Fundi asikujazie kwa kukisia, aina ya gesi na gramu zake mara nyingi zipo kwenye stika chini ya boneti.