Somo: Kusoma kinga ya homa ya uti wa mgongo kwenye kijitabu cha mtoto

Wazazi wengi hapa Kisumu huulizia "chanjo ya homa ya uti wa mgongo" kana kwamba ni sindano moja. Bakteria wanaoleta ugonjwa huu ni wa aina nyingi, na wanaowasumbua zaidi watoto hukingwa kwa sindano zile zile za kliniki.

Hatua ya 1. Fungua ukurasa wa chanjo, tafuta pentavalenti, sindano moja yenye kinga ya magonjwa matano. Ndani yake mna kinga ya Hib, bakteria ambaye mtoto akimpona anaweza kubaki kiziwi. Kenya huitoa tangu 2001, paja la kushoto, wiki ya 6, 10 na 14.

Hatua ya 2. Tafuta PCV, chanjo ya nimokokasi, bakteria mwingine anayeleta homa ya uti wa mgongo. Iliingia ratiba mwaka 2011, wiki hizo hizo, paja la kulia. Kwa hiyo mtoto akirudi na mapaja yote mawili yanauma, muuguzi hakukosea.

Hatua ya 3. Soma tarehe za dozi zote tatu za kila chanjo. Kuna pengo? Rudi kliniki. Mtoto huendelea palipokatika, haanzi upya, na kwenye vituo vya serikali hulipi.

Maswali ya wanachama

Mama, Nyalenda: Wangu amemaliza zote. Akishikwa na homa na degedege, si ni malaria tu?

Huku ziwani kila homa huitwa malaria, na hapo ndipo tunapochelewa. Kipimo kikionyesha malaria, homa ya uti bado inaweza kuwepo. Mtoto huweza kuugua zote mbili. Shingo ikikakamaa, utosi ukivimba, akikataa kunyonya au akawa mgumu kuamka, mpeleke hospitali usiku huo huo, amechanjwa au hajachanjwa. Chanjo hazizuii bakteria wote. Daktari akitaka kupima maji ya uti wa mgongo, mkubalie. Uvumi kwamba sindano ile hupoozesha watoto umechelewesha matibabu ya wengi.

Baba, Ahero: Binti yangu ana selimundu (ugonjwa wa seli za damu zenye umbo la mundu).

Wengu wake ni dhaifu, nimokokasi humshambulia upesi. PCV isichelewe, na penisilini ya kila siku asiiruke kama kliniki imemwandikia.

Mzee, Manyatta: Naenda Hija, nidungwe ipi?

Ya meningokokasi, bakteria mwingine wa homa ya uti wa mgongo, aina A, C, W na Y, angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Watoto wetu hawapewi hii kwenye ratiba ya kawaida. Iliyo ya konjugeti (iliyounganishwa na protini) hukubaliwa miaka 5, nyingine miaka 3. Aina isipoandikwa kwenye cheti, Mzee, Saudia watakuhesabia miaka 3.